Gari Lililombakisha Matar

Matar alikuwa fundi wa mabasi. Kwa miaka kumi na tisa aliingia depo kabla ya jua kutoka, akarudi nyumbani Walthamstow, Landani, mikono ikinuka dizeli. Sisi Wazanzibari wa mtaa ule tulimjua kwa upole wake, na tulijua pia kwamba habari za nyumbani hazungumzi. Mwaka sitini na nne, siku ya tatu ya mapinduzi, kaka yake alichukuliwa mlangoni, Matar akitazama, na hakuonekana tena. Matar alipopata njia ya kutoka alitoka, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena visiwani.

Mkewe Mwanamwema, Mpemba wa Wete, hakuapa. Alishona mapazia kiwandani, akicheka kwa sauti, na kila mwezi alimwandikia barua dada yake, Kijakazi.

Mwaka 1986 Jaswinder, Singasinga wa Nakuru aliyefanya kazi na Matar depo, alikuwa anahamia Hayes kwa mwanawe, kwenye nyumba isiyokuwa na gereji.

"Chukua hii gari, rafiki," alimwambia. "Mimi mgongo umekataa. Nikiiacha itaenda skrepa."

Lilikuwa gari la spoti la viti viwili, halina paa, boneti ndefu, umbo la magari ya Kiingereza ya zamani. Lakini lilikuwa la kuiga tu, bodi ya faibaglasi juu ya fremu ya chuma, yale yanayouzwa vipande vipande mtu akajiundia nyumbani. Jaswinder alifika nusu. Injini ilishakaa na magurudumu yalikuwapo. Breki, nyaya na viti havikuwapo, na milango yote miwili ilikuwa imelala kwenye maboksi pamoja na skrubu zisizohesabika.

Walilisukuma hadi gereji ya uchochoro wa nyuma. Mwanamwema akasimama kulitazama, mkono kiunoni.

"Viti viwili! Na Mardhiya tumtie wapi?"

Mardhiya, binti yao wa miaka kumi na minane, akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hata abebwe hapandi kitu kile.

Mwanamwema alidhani mumewe atachoka baada ya mwezi. Hakuchoka. Kila Jumapili alikuwa chini ya gari, mpaka mkewe akachoka kukaa peke yake, akahamishia cherehani gerejini na kuanza kushona viti, ngozi ya bandia ya rangi ya damu ya mzee. Alishona, akafumua, akashona tena. Walibishana juu ya uzi. Walikula chakula chao humo humo, sahani juu ya boneti. Mardhiya alisema baadaye kwamba hakuwahi kuwasikia wakizungumza vile.

Masika ya mwaka uliofuata ikaja barua. Kijakazi anaumwa, anataka kumwona mdogo wake. Siku hizo watu walikuwa wameanza kurudi kutazama kwao.

"Twende sote, Baba Mardhiya," alisema Mwanamwema. "Watu wanakwenda na wanarudi. Hapana anayewauliza kitu."

"Na gari?"

"Gari lina nini? Litatungoja."

"Nimebakisha breki, nyaya, taa na kioo cha mbele tu. Nenda weye. Siku ukirudi n'takuja kukupokea Heathrow nalo."

Mwanamwema akamtazama sana. "Sema unaogopa, n'takufahamu. Lakini usinambie gari."

Matar akainama, akaendelea kukaza nati.

Mwanamwema akaenda peke yake. Baada ya wiki mbili alipiga simu kutoka dukani Wete. Dada yake hajambo sasa, yeye ataongeza siku kidogo.

"Hujabadili mawazo?" aliuliza.

"Breki zimeshika," Matar akamjibu.

Akasikia kicheko chake, kisha laini ikakatika. Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia mkewe.

Malaria ilimpata Mwanamwema siku ya tisa baada ya simu ile. Mwili uliokaa Landani miaka ishirini ulikuwa umeisahau homa ile, na kwa siku nne ikammaliza. Alizikwa alasiri ya siku ile ile. Simu ilipofika Walthamstow alipokea Mardhiya. Akaenda gerejini, baba yake akifunga taa za mbele, akasema kwa Kiswahili: "Baba, mama amekufa." Neno amefariki hakulijua.

Baada ya hitima binti alirudi kwenye Kiingereza chake. Ungekuwapo, alimwambia, ungempeleka hospitali siku ya kwanza. Mardhiya akafunga nguo zake, akahamia kwa rafiki yake.

Matar alifunga gereji. Ilipita karibu mwaka mzima kabla hajakata tikiti, na akashuka Pemba. Kijakazi alimpeleka kaburini.

"Alisema nini?" Matar aliuliza.

"Nikupoze kwa uongo, shemegi?" alisema Kijakazi. "Alikungoja. Akisema, gari likisha Matar atakuja. Hata homa ilipompanda alinituma nitazame njiani."

Matar akakaa chini kwenye mchanga, akalia. Alimlilia mkewe, kisha akajikuta anamlilia na kaka yake, ambaye tangu sitini na nne hakuwa amemtolea chozi. Kijakazi alimwacha mpaka akanyamaza mwenyewe.

Aliporudi Landani alilitoa lile gari kwa chuo kimoja cha ufundi. Vijana wawili walikuja kulivuta. Kilichobaki kutiwa ni kioo cha mbele tu.

Ramadhani ile Mardhiya alikuja kufuturu. Walikula. Kisha Matar akamwambia, "Halikuwa gari, mwanangu. Niliogopa kurudi kule, na nikaona haya kusema. Mama yako alilijua hilo."

Mardhiya hakumwambia nimekusamehe. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaosha vyombo, akavaa koti, akaenda zake. Ijumaa iliyofuata alikuja tena, akaleta tende.