Sisi Tuliofika Kanisani kwa Miguu

Sisi tuliokulia Butembo, mashariki ya Kongo, kabla mapikipiki hayajajaa kama nzige, tulikijua kilima kwa kukipanda. Asubuhi baridi ilitukata masikio, ukungu umelala bondeni, nasi tunateremka kwenda masomoni viatu mkononi, viazi vitamu vya moto mfukoni vikitupasha mapaja. Tukikaribia shule tunanawa miguu, tunavaa viatu, tunaingia darasani safi kama watoto wa gavana. Nani alikuwa na motokari? Mtaa wetu mzima ulikuwa na moja, na mlio wake tuliujua kabla haijatokea.

Naandika haya kwa hasira, sifichi. Juzi binti yangu wa miaka minane alirudi kutoka sikukuu ya kuzaliwa ya mwenzake, akaketi jikoni, akaniuliza, "Mama, siye tuko bamaskini?" Nikataka kujua nani kamwambia. Kumbe mama wa yule mwenzake, mwanamke kijana wa kucha ndefu, alimwambia mbele ya watoto wote: "Batoto batatu, na hamuna motokari? Munaishi namna gani? Mais c'est grave!"

Grave! Eti hali yetu ni mbaya! Mimi na mume wangu tuna kazi. Watoto wanakula, wanasoma, wanalala pakavu. Tunakwenda kwa miguu, na mvua ikizidi tunapanda pikipiki. Huo ndio ugonjwa wetu mkubwa. Na hawa vijana wanaotucheka nawaona kila siku: kijana ana mapaja kama nguzo za daraja, anasimamisha pikipiki impeleke kununua mkate pale kwenye kona, na akishuka anayehema ni yeye.

Papa yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mama alilima vitunguu na viazi, akauza sokoni. Chombo chetu cha njiani kilikuwa kinga moja, baiskeli nyeusi nzito ambayo papa aliipangusa kila Jumamosi mpaka ikang'aa kuliko viatu vyake. Muhindo, mdogo wangu, alikaa mbele juu ya chuma. Mimi, Masika, nilikaa nyuma penye mizigo. Mama alitembea kando, mkono wake mgongoni mwangu, na mazungumzo hayakukatika njia nzima. Tukifika penye mpando tulishuka wote tukaisukuma. "Kushuka ni kwa kinga," papa alikuwa akisema, "kupanda ni kwa bote."

Nilikuwa na miaka kumi nilipopokea komunyo ya kwanza. Mama alikuwa ameifumua kanzu yake ya ndoa, ile aliyoiweka miaka yote chini ya sanduku, na fundi wa mtaa akanishonea kanzu nyeupe yenye mikono mipana. Sikulala vizuri kwa kuiwaza. Mvua ilinyesha hadi alfajiri, na tulipofungua mlango njia yote ilikuwa matope mekundu. Papa akatoa amri: siku hiyo Masika hakanyagi chini. Nikapandishwa kwenye kinga, magoti yamefunikwa nailoni, viatu vimefungwa shingoni mwa papa kama mkufu. Hata penye mpando hakuniruhusu kushuka. Alisukuma, jasho likimtiririka, na mama nyuma na Muhindo mgongoni, akiimba nyimbo za Misa ili nisisahau maneno.

Tulikuwa kwenye mpando wa mwisho, kanisa tunaliona, motokari ilipokuja kutoka nyuma. Ilikuwa ileile ya mtaa wetu, ya mfanyabiashara tuliyemwita Papa Jolie kwa jina la binti yake. Jolie naye alikuwa anapokea komunyo siku ile. Papa alijibanza pembeni, akainua mkono kuomba wapunguze mwendo. Hawakupunguza. Gurudumu liliingia katika dimbwi, na matope yakanipiga kuanzia shavuni hadi kiunoni. Nailoni ilikuwa imefunika magoti tu.

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka papa amesimama ameishika kinga, akiitazama motokari ikiishia. Na nakumbuka mama alivyokuja, akanifuta jicho kwa ncha ya kitenge, akasema, "Masika, usilie. Machozi hayafui nguo."

Mlangoni pa kanisa watoto walikuwa wamekwisha kupangwa wawiliwawili. Mama mmoja aliyekuwa anatufundisha dini alinitazama juu chini.

"Hapana. Huyu mutoto hawezi ingia hivi. Ataharibu foto. Atapokea mwaka yenye kuya."

Mwaka unaokuja! Nilikuwa nimejifunza katekisimu miezi mingi, kwenda na kurudi kwa miguu, sikukosa hata siku moja. Papa akaanza kwa upole wake wa kimwalimu, "Mama, tafadhali, donc, kama unaweza kuelewa..." Mama yangu akamsogeza kando. Yeye hakuwa amesoma sana, lakini Injili alikuwa anaisikia.

"Mama," akasema, "Yezu aliingia Yerusalemu juu ya punda. Ile siku, batu ya mulangoni balimuuliza kama miguu ya punda iko na potopoto?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Mama hakungoja jibu. Alinishika mkono hadi nyuma ya kanisa, kwenye pipa la maji ya mvua, akanivua kanzu, papa akanifunika kwa koti lake. Mama aliifua ile kanzu yake ya ndoa kwa viganja, akaikamua, akaikung'uta hewani mara tatu, akanivika ikiwa imelowa. Ilikuwa imegeuka rangi ya waridi na ilikuwa baridi kama mto. Kisha akaniweka mwisho wa mstari, akasimama ubavuni pangu, akaingia nami. Yule mwalimu wa dini alimnong'oneza arudi kwenye viti vya wazazi. Mama hakugeuza hata shingo.

Nilipokea meno yakigongana. Niliporudi kuketi benchi lilikuwa limejaa, na wasichana wawili wakavuta nguo zao nisiziloweshe. Aliyesogea alikuwa Jolie. "Kuya, ikala hapa," akaninong'oneza. "Miye nilimwambia papa apunguze. Hakusikia." Akanibana begani na kanzu yake kavu mpaka Misa ikaisha. Mtoto wa miaka kumi aliona aibu ambayo baba yake hakuiona.

Maana baada ya Misa baba yake alikuja akizungusha funguo kidoleni. Hakuomba samahani. Labda hata hakujua alichofanya, na hilo ndilo linalonichoma. "Mwalimu!" akaita. "Pandeni, nitawafikisha. Kinga tutaitupa nyuma."

Papa alimpa mkono kwa heshima, akasema, "Asante sana. Siye tuko karibu."

Karibu! Ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Mama alianza kucheka kabla hatujafika njiani, akacheka hadi akaketi juu ya jiwe. "Tuko karibu!" akarudia. "Karibu na wapi, mwalimu?" Papa naye akacheka, Muhindo akacheka bila kujua sababu. Nyumbani kulikuwa na kuku na sombe ya majani ya muhogo, na majirani walikula hadi sufuria ikaonekana chini. Mimi sikucheka. Nilitaka papa amtukane yule mtu. Nimekuwa mtu mzima, nimewasikia wengi wakiusifu upole wake, na bado natamani angemtukana, hata neno moja.

Lakini kuna hasira nyingine kubwa kuliko hiyo. Likizo moja papa alinipakia nyuma ya kinga, tukatoka Butembo na nyota, tukaenda Beni kumsalimia shangazi, dada yake. Tulikuwa njiani siku nzima. Katika kila kijiji watu walitusalimu, wakauliza tumetoka wapi. Mwanamke tusiyemjua alituita barazani, akatupa ndizi mbivu na maji, akanilaza kwenye mkeka mpaka jua likapoa. Joto la Beni lilitupokea jioni, na shangazi akaja mbio akiwa na unga mikononi.

Leo barabara ni ileile. Wenye motokari za vioo vyeusi wanangojana wafuatane msururu, wanapiga alama ya msalaba, wanapita mbio bila kumsalimu mtu, na pembeni kuna nyumba zisizo na mwenyewe tangu wenye bunduki walipoanza kuua watu vijijini. Nani atampakia mtoto kwenye kinga apite pale? Wanatuhesabia magari, wanatuita maskini, na hakuna anayeuliza nani alitunyang'anya njia.

Shangazi yuko Beni hadi leo, amezeeka. Binti yangu anaijua sauti yake kwenye simu. Mikono yake haijui.