Sikio la Mgonga Mwamba

Saa moja asubuhi, chini kabisa ya mgodi wa dhahabu, wachimbaji wamesimama kimya, taa zikiwaka kwenye kofia zao. Hakuna anayesogea mpaka Mzee Mtaimbo aseme.

Jina hilo limetokana na chuma anachoshika. Kazi yake ni kugonga dari la mwamba na kusikiliza. Mwamba mzima hulia kwa ukali. Uliolegea hulia kama debe tupu. Ni miaka thelathini sasa, na uchovu umemjaa mpaka kwenye kope.

"Jiwe jeupe hilo ndilo lenye mali," anasema, akimulika mshipa mwembamba ukutani. "Zamani hizo, hata watu hawajakuwepo, maji ya moto yalipanda kwenye nyufa, yakaacha dhahabu humu."

Wa kwanza kuufuata mshipa walikuwa na nyundo tu. Wakaja wenye baruti, kisha wenye mashine. Kila kundi liliacha nguzo za mwamba zishike dari, na waliofuata wakazimega, maana nazo zina dhahabu. Ndiyo maana dari la leo haliaminiki hata kidogo.

Wiki iliyopita mzee aligonga, akasema pako salama. Mkwewe, mume wa bintiye anayechimba naye, akamvuta mkono: "Baba, mbona hapo panalia vibaya?" Wakiwa bado wanabishana, pande la mwamba likaporomoka mbele yao. Bahati tu, halikumpata mtu.

"Mimi sikusikia kitu," anajisemea moyoni. "Mashine zimenimaliza masikio. Nyumbani mama watoto ananiita mpaka anachoka, anadhani namringia."

Akijisema kwa wakubwa wa mgodi, atapelekwa juu kulinda geti kwa nusu ya mshahara, na kitinda mimba wake bado yuko chuoni. Tangu siku ile amekaa kimya, na usingizi umemkimbia.

Leo anagonga, anagonga tena. Wenzake wanangoja. Ghafla anamkabidhi mkwewe mtaimbo.

"Gonga wewe. Mimi sisikii tena."

"Baba, si tutaongea nyumbani…"

"Nimesema gonga!"

Mkwe anagonga, anainamisha kichwa, kisha anawarudisha wote nyuma. Hakuna anayecheka.

"Geti nitalinda, kwani geti lina ubaya gani?" anasema mzee wakipanda juu. Anataka mwanawe amalize chuo, na mkwewe apewe kazi ile rasmi. "Ila leo natoka kwa miguu yangu, kabla mtoto wa mwenzangu hajatolewa kwa machela."