Mtahiniwa Haambiwi

Kobia alipofariki, alimwachia mkewe Kajuju shamba la viazi pale Kibirichia na binti mmoja, Mukiri, aliyekuwa shule ya bweni huko Embu akifanya mtihani wa Kidato cha Nne.

Tangu aingie sekondari, Mukiri hakuwa na likizo ya kweli. Alirudi nyumbani na rundo la kazi za kila somo. Akishika jembe, babake alimpokonya.

"Wacha hilo, daktari, litakuharibu mkono."

"Na akiolewa atampikia mume kitabu?" Kajuju aliuliza.

"Atapika karatasi ya maswali! Mama Mukiri, huo mzigo unamkomaza. Akiuzoea, hakuna jambo la ukubwani litakalomshinda."

Homa ya mapafu ilimchukua Kobia ghafla, mtihani ukiwa umeshaanza. Kaimenyi, nduguye marehemu, alifika kabla hata chai ya waombolezaji haijachemka.

"Shemeji, Mukiri asijue. Mtahiniwa haambiwi. Akimaliza karatasi ya mwisho, tutamwambia."

"Si nduguyo alisema vitabu vimemkomaza? Mbona sasa hawezi kuambiwa?"

Kaimenyi aliitazama kofia yake. Mchungaji aliyekuja naye akasema familia nyingi hufanya hivyo, na Mungu atamtunza mtoto. Kajuju hakuwa na nguvu za kubishana. Akakubali.

Walimzika Kobia kando ya shamba. Jumapili iliyofuata Mukiri alipiga kwa simu ya mwalimu.

"Mama, baba yuko wapi? Nataka aniombee, kesho ni Kemia."

"Ameenda soko la Gakoromone na viazi. Nitamwambia."

Simu ilipokatika, Kajuju aliendelea kuchambua maharagwe. Alimwomba Mungu ampe machozi. Hayakuja.

Siku ya kufunga shule, Mukiri aliingia akiburuta sanduku lake, akauona msalaba kabla mtu hajampokea. Alisimama pale na sare yake ya shule, akasoma jina, kisha tarehe.

"Siku hiyo nilikuwa nafanya Hesabu," alisema.

"Tuliogopa utaanguka mtihani, mwanangu."

"Ningeanguka, ningerudia."

Hakupiga kelele. Kajuju alitamani apige. Badala yake msichana aliuliza polepole, jambo moja baada ya jingine: waliimba wimbo gani, nani alisoma Neno, kama mvua ilinyesha. Kajuju alijibu aliyoweza. Mengine hakuyakumbuka, siku ile yote mawazo yake yalikuwa kwenye kuficha.

"Na mchanga wangu, nani alinitilia?"

Kila mtoto humtilia mzazi wake mchanga kaburini. Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo.

"Hakuna."

Mukiri aliinama, akachota udongo, akasimama nao mkononi.

"Bado inaruhusiwa?"

Kajuju hakujua. "Tia tu," alisema.

Akatia. Kajuju alianza Baba Yetu, akafika katikati, maneno yakamwishia. Mukiri hakumsaidia kumalizia. Lakini hakuondoka pia.