Firigisi ya Nane

Mimi nanunua kuku Issuna na vijiji vya jirani, nawauza Manyoni. Mtu wa kazi yangu hamwamini mtu, na zaidi hamwamini kuku. Unamnunua asubuhi ana afya ya askari, ikifika mchana amelala chali ndani ya tenga. Kwa hiyo nawahesabu wakiingia, nawahesabu wakitoka. Mke wangu husema hata watoto nawahesabu wakiwa wanakula. Ni kweli, na siku moja nilikuta amezidi mmoja. Alikuwa wa jirani.

Ndiyo maana kila mechi ya watani inapokaribia, kamati ya mashabiki hunitafuta. Watani wetu ni timu ya ng'ambo ya reli. Sisi ni upande wa soko. Mwaka mzima tunavuka reli kwenda kusagisha, kuzika na kuoa, hakuna anayeuliza kitu. Ikibaki wiki moja, kila anayevuka ana maswali ya kujibu. Mgeni akishuka kwenye basi na begi la michezo, tunataka kujua anakwenda kwa nani, asije akawa mamluki aliyeletwa kutufunga kisha apande basi la kurudi kwao. Msimu huu bwana mmoja wa dawa za mifugo alifuatwa mpaka kwenye josho, kosa lake kuvaa raba safi. Ukiinama uwanjani kufunga kamba ya kiatu, unaulizwa unafukia nini.

Aliyezidi wote alikuwa fundi baiskeli, mwenyekiti wa mashabiki wetu. Huyu aliacha hata chai ya kijiweni kwake, kwa sababu anayeileta ana shemeji ng'ambo.

"Wewe ni mtu wa hesabu," aliniambia. "Kaa na chakula cha kambi. Kinachoingia uone, kinachotoka uone."

Chakula cha kambi kilipikwa na mama mmoja mwenye kibanda nyuma ya soko. Alikuwa ametupikia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Kibanda chake kina meza moja ndefu na mabenchi mawili, na hilo ndilo shamba lake, hana lingine. Siku ya mechi ya watani watu hushuka kutoka Itigi na vijiji vyote vya huku, wanakula kwake tangu asubuhi mpaka filimbi. Siku hiyo moja ndiyo humvusha mpaka mavuno. Sote tulilijua hilo.

Sasa, firigisi. Kwetu firigisi haiendi kwa mtu yeyote tu. Nyumbani ni ya baba, na ukimpa mgeni ajue umemheshimu. Kambini nako kuna utaratibu. Ya kwanza ni ya golikipa, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba pale golini. Zinafuata za mabeki. Washambuliaji wanaambiwa wafunge kwanza.

Jumatano nilipeleka kuku wanane. Mchana sinia likaletwa, na firigisi zilikuwa zimepangwa pembeni. Nikahesabu, saba. Nikaanza tena upande wa pili. Saba.

"Mama," nikasema, "moja iko wapi?"

Sikusema kwa ubaya. Nilisema kwa sauti ya kazini. Lakini fundi baiskeli aliacha kutafuna.

Mama alifuta mikono kwenye kanga. "Kula, baba. Firigisi haipigi penalti."

"Haipigi, ila ilikuwepo."

"Sasa haipo." Akageukia jiko lake.

Jibu hilo ndilo lililomponza. Angesema paka kachukua, tungemtafuta paka, na kwa hali tuliyokuwa nayo tungemuuliza paka anaishi upande gani. Kunyamaza kwake kukaiacha firigisi itembee yenyewe mjini.

Kesho yake asubuhi fundi baiskeli alikuwa na shahidi. Mama alionekana akivuka reli na hotipoti, kabla sisi hatujakaa kula.

"Umeelewa?" akaniuliza, spana mkononi. "Firigisi ya golikipa imevuka reli."

"Umejuaje ni ya golikipa?"

"Wangechukua ya nani? Ya mshika kibendera?"

Na niseme ukweli, mimi mwenyewe nilianza kukumbuka mambo. Nilikumbuka kwamba binti wa yule mama ameolewa ng'ambo. Nilikumbuka kwamba mkwe wake ni beki wao wa kati, yule mrefu. Nilikuwa nayajua hayo miaka yote, lakini Alhamisi ile yalinijia kama habari mpya. Jioni mazoezini golikipa wetu aliachia mpira ambao hata mimi ningeudaka na tenga kichwani, akasimama anaangalia viganja vyake. Mashabiki wote wakaangalia viganja vyake.

Ijumaa mabenchi ya mama yalikuwa matupu. Hata wale wasiojua mpira walipita mbali. Vyungu vilikuwa motoni na mvuke unatoka, mama amekaa nyuma yake anapunga nzi. Niliambiwa muuza chapati wa mtaa wa pili alikwisha kwenda ofisi ya soko kuulizia ile nafasi, kama itakuwa wazi wiki ijayo. Hapo nikajua kilichopo kwenye mizani. Jumapili ya mechi ikimkuta hivi, Jumatatu hakuna kibanda.

Kamati ikaamua kupika yenyewe. Fundi baiskeli alishika mwiko, mchomelea mageti akashika moto. Waliweka maharage jikoni mchana umeshapita, kuni mbichi, na kwa kuogopa kuachiana sufuria hata dakika moja, hakuna aliyekwenda kutafuta kuni kavu. Vijana wakala maharage yanayogonga meno. Jumamosi asubuhi nikawakuta kwenye foleni ya choo, na foleni ile ilikuwa imepangika vizuri kuliko safu yetu ya ulinzi.

"Ametupiga kwa mbali yule mama," fundi akaninong'oneza.

"Maharage umepika wewe."

"Ndiyo uone alivyo na nguvu!"

Golikipa alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka. "Shikamoo, mzee," akaniambia. "Mimi naomba uji wa mama. Kama ni kuniroga, aniroge nimeshiba."

Fundi akatazama foleni, akatazama sufuria yake, akanitazama mimi. "Nenda wewe. Unajua kupatana na watu. Ila usiombe radhi, maana hatujahakikisha."

Nilimkuta mama anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuhesabu nini leo?"

Nikakaa kwenye benchi tupu. Nikamweleza habari ya maharage, naye akacheka mpaka akaweka ungo chini. Alipomaliza kucheka nikamuuliza tena, safari hii taratibu, ile moja ilikwenda wapi.

"Ng'ambo," akasema. "Ilikwenda ng'ambo."

Nikageuka kuangalia kama nyuma yangu hakuna mtu wa kamati.

"Binti yangu kajifungua. Mzazi si anapelekewa kuku na mama yake? Nikachinja wangu mwenyewe, wa pale nyumbani. Nimegeuka kuchota maji, mbwa kachukua firigisi. Sasa niambie wewe. Nyumba ile ina mwanamume. Nipeleke kuku asiye na firigisi, mkwe wangu afunue, aone haipo. Atasema nani kaila?"

"Atasema mama mkwe."

"Atasema mama mkwe! Na mkwe huyo hata usoni simtazami, nikimwona njiani nazunguka. Nitaanzia wapi kumweleza habari za mbwa? Nikachukua moja yenu. Nikasema hawa vijana wana saba, watagawana."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Niseme mbele ya fundi baiskeli kwamba nimemlisha beki wa ng'ambo firigisi ya timu?" Akamalizia kwa Kigogo, na Kigogo changu kinatosha kununulia kuku tu, lakini nilielewa kwamba halikuwa jambo zuri kuhusu fundi.

Nikaipima ile hadithi kama ninavyompima kuku, kwa mkono kwanza. Ilikuwa na uzito. Mbwa wake namjua, na ana tabia hiyo. Hata hivyo sehemu fulani ya kichwa changu ilibaki imesimama pembeni, imekunja mikono.

"Mama, tunahitaji uji wa vijana. Sema unataka nini."

"Kamati yenu. Kesho, basi la Itigi linapoingia. Wakae hapa, wamevaa jezi, wale ugali na kuku mpaka sahani ziwe nyeupe."

"Watu watatu watatosha."

"Kamati yote."

"Basi wakae benchi la nyuma, kuna kivuli."

"La mbele."

"Wanywe chai na maandazi, ni siku ya mechi, wana shughuli."

"Ugali. Kuku. Mlenda."

Tulivutana sana. Nimewahi kupatana na watu wa Kinampanda kwa jogoo mmoja mpaka jua likahama, lakini huyu mama alikuwa hasogei. Nilichofanikiwa kupunguza ni mlenda.

"Na uji wa vijana?" nikauliza nikisimama.

Akafunua sufuria kubwa iliyokuwa nyuma yake. Uji ulikuwa umeshaiva. "Huu hauko kwenye mapatano. Ulikuwa jikoni kabla hujaja."

Fundi baiskeli alikataa, akakubali, akakataa tena. Kilichomlegeza ni golikipa, aliyekunywa vikombe vyake, akalala, na jioni akadaka mipira yote kama anachuma mapapai. Lakini hata hapo fundi alishika sharti lake: firigisi mimi ndiye nitakayeiangalia.

Jumapili basi la Itigi lilipoingia, kamati ilikuwa benchi la mbele, jezi zimepigwa pasi. Abiria wakasimama kuangalia. Mashabiki wa ng'ambo waliokuwa wanapita na ngoma yao wakaacha kupiga. Mama akaweka ugali, akaweka bakuli la kuku, na pembeni, peke yake kwenye kisosi, akaweka firigisi.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mchomelea mageti alikuwa ameumba tonge, analizungusha tu. Mama alisimama amejishika kiuno, anatazama mabasi, lakini niliona kidole chake kinavyovutavuta pindo la kanga.

Fundi akakisukuma kisosi taratibu mpaka mbele yangu. "Mtu wa hesabu," akasema.

Kuku mmoja, firigisi moja. Hesabu ilikuwa sahihi. Nikaigeuza nione upande wa chini. Nikainusa kidogo, kama mtu anayefurahia harufu.

"Unatafuta nambari ya jezi?" mama akauliza, na abiria mmoja akaangua kicheko.

Nikaitia mdomoni. Ilikuwa laini, imekolea chumvi na ndimu. Nikatafuna, nikameza, nikasubiri. Benchi zima likasubiri pamoja nami. Kisha mchomelea akalichovya lile tonge, na mikono yote ikaingia bakulini kwa pamoja, fundi wa mwisho.

Watu wa basi wakaanza kusogea. Wawili wakakaa benchi la nyuma, kisha wanne, kisha mwanamke mmoja na watoto wake. Mama akaanza kuitisha sahani.

Ndipo akapita yule beki mrefu wa ng'ambo, viatu vya mpira vimening'inia shingoni, hotipoti kwapani. Mama alipomwona akajifunika kanga usoni na kugeukia jiko. Kijana naye akainamisha kichwa, akazunguka meza kwa mbali kama inaungua, akaiweka hotipoti pembeni ya benchi bila kumtazama mtu.

"Mwambieni shukrani," akasema kama anaiambia hewa. "Mtoto hajambo." Akaenda zake uwanjani.

Nikamtazama fundi baiskeli. Akajifuta vidole, akaivuta hotipoti, akafungua kifuniko kidogo, akachungulia kwa jicho moja. Ndani mlikuwa na karanga, maana chombo hakirudishwi kitupu.

"Karanga," akanong'ona. "Kwa nini karanga?"

"Lete hapa!" mama akasema bila kugeuka.

Uwanjani ngoma zilianza. Niliwahesabu waliokaa kwenye mabenchi: kumi na saba, na wengine wamesimama na sahani mkononi. Nilikuwa narudia kutoka upande wa pili mama aliponigonga bega na mwiko.

"Baba, kama umeshiba inuka. Watu wanasubiri nafasi."