Vitanda Nilivikabidhi, Watu Je?

Siku yangu ya kwanza kazini niliteremka treni Itigi nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi, utadhani bwana harusi. Cheti changu kilisema tabibu, ila huku kwetu anayeshika sindano ni daktari, basi nikawa daktari tangu siku hiyo. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo cha afya, alikuwa anahamishwa na mimi ndiye niliyekuja kushika nafasi yake. Alinitazama juu mpaka chini.

"Koti hilo litundike," akasema. "Leo hutibu mtu."

Wiki mbili nzima alinitembeza nyumba kwa nyumba katika vile vichaka vya miba. Kila mlango alisema hivyohivyo: "Mimi naondoka. Daktari wenu ni huyu." Wazee wakanihoji ukoo wangu, nikalishwa asali mpaka tumbo likauma. Nilipolalamika kwamba tunapoteza muda, alinijia juu.

"Ukiandika dawa hujui mgonjwa anaishi na nani, anakula nini, maji anachotewa na nani, wewe ni muuza duka tu!"

Ndivyo tulivyopokezana kazi. Nilipohamia Mgori nilipokelewa vilevile, na nilipoondoka nikamtembeza aliyenirithi. Nilijua ukoo upi una presha, nani anaficha mimba, nani anameza vidonge akijisikia vibaya tu na akipata nafuu anavitupa juu ya kabati. Siku hizi mnaiita tiba ya familia na mnaisomea darasani. Sisi tuliisomea kwa miguu.

Kituo changu cha mwisho sikitaji, maana wahusika bado wapo. Nilikaa huko miaka mingi, nikajenga hapohapo, karibu na kituo cha afya. Nilipofikisha miaka sitini wakanifanyia sherehe. Pilau, hotuba, saa ya ukutani! Hati ya makabidhiano ikaletwa nisaini: vitanda, jokofu la chanjo, mizani ya watoto, hata ndoo. Nikamwambia Mganga Mkuu wa Wilaya, bosi wetu sote, anipe wiki mbili nimtembeze Dokta Rehema, binti aliyekuja kunirithi.

Akacheka. "Mzee, wagonjwa si mali ya serikali, hatuwaandiki kwenye makabidhiano. Nenda kapumzike."

Kapumzike! Ndoo inakabidhiwa, binadamu hapana. Hasira ile bado ninayo na sitaomba radhi. Nikasema haya, shauri yao, nikaenda nyumbani kulima alizeti.

Kustaafu kulinishinda. Alfajiri naamka, navaa viatu, nakumbuka sina pa kwenda. Kumbe watu walikuwa wanakuja wenyewe. Wanakaa barazani, tunasalimiana, mara mmoja anasema kifua kinambana. Nawaambia nimestaafu, nendeni kituoni kwa Dokta Rehema. Lakini mkono ninaushika, mapigo nayahesabu. Na kusema kweli nilifurahi. Nilijiona bado mtu.

Mzee Saidi nilimtibu presha tangu nilipofika pale. Asubuhi moja mkewe, Bi Zaituni, alimleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, anahema vibaya. Moyo ulikuwa umelemewa, maji yamejaa mapafuni. Walipita mbele ya geti la kituo cha afya, penye oksijeni, penye sindano ya kupunguza maji hayo, wakaja mpaka kwangu. Mimi niko shambani. Wakakaa barazani wakinisubiri.

Nilirudi adhuhuri, nikamkuta midomo imebadilika rangi.

"Bi Zaituni, mbona hamkwenda kituoni?"

"Huko tunamjua nani, daktari?"

Tulimkimbiza. Hakufika kitandani.

Baada ya arobaini sikumwomba mtu ruhusa. Nilimfuata Dokta Rehema, tukaanza kutembea kila jioni akitoka kazini. Alisikiliza kuliko mimi nilivyosikiliza Itigi. Aliandika majina ya watoto, akaulizwa ukoo wake, akacheka, akajibu. Njia nzima mimi nilikuwa namsema Mganga Mkuu wa Wilaya: asiyejua kazi, asiyejua watu, aliyemuua Saidi kwa karatasi!

Nyumba ya Bi Zaituni niliiogopa, nikaiacha mwisho. Rehema akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bi Zaituni akamsogezea kigoda. Nikasema maneno yale niliyofundishwa, kwamba daktari wenu sasa ni huyu. Akamtazama sana.

"Siku ile ulikuwepo kituoni?"

"Nilikuwepo, bibi."

Bi Zaituni akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Sasa daktari, huyu mbona hukumleta mapema?"

Nilifungua mdomo nimtaje Mganga Mkuu wa Wilaya. Nikaufunga. Kutoka kwangu mpaka kwa Bi Zaituni ni mwendo wa nusu saa, na mpaka Saidi anafariki nilikuwa nimekaa nyumbani miezi saba.