Kamba Kutoka Nyuma

Barabara ya changarawe haiuawi na magari. Huuawa na maji. Maneno hayo Henriette aliyasikia mezani mwake mpaka akayachoka, miaka ile mumewe Joachim alipokuwa dereva wa trekta katika kampuni moja ya migodi ya Likasi. Hakujua kwamba siku moja yangekuwa kazi yake. Waliomwona baadaye, mwanamke mfupi aliyevaa koti kubwa la kaki, amesimama nyuma ya niveleuse katika kijia cha misheni au kwa wafanyabiashara wa mjini, walimuuliza alikojifunzia. Alikuwa na jibu moja tu: "Nilishika mahali ya muntu."

Niveleuse hiyo, mashine ya kusawazisha barabara, ilikuwa na umri mkubwa kuliko mumewe. Haikuwa na injini. Ilikuwa fremu ndefu ya chuma iliyovutwa na trekta, na chini ya tumbo lake kulilala kisu kipana kilichokaa mshazari. Nyuma kabisa kulikuwa na jukwaa dogo ambapo mtu mmoja alisimama na kushika magurudumu mawili ya mkono, moja kwa kila ncha ya kisu. Akiyazungusha, kisu kilipanda au kilishuka. Kwa mashine hiyo vijia vya kuingilia nyumba za mainjinia vilikwanguliwa kila mwaka kabla ya mvua: changarawe iliyokimbilia kingoni ilirudishwa katikati, kijia kikapata mgongo, na maji yakajua pa kwenda.

Kazi hiyo ilihitaji watu wawili. Mbele alikaa Joachim, macho barabarani. Nyuma alisimama Michée, mtu mrefu, mpole, ambaye Joachim alimwita yaya, yaani kaka, kwa sababu alimzidi umri. Trekta ilinguruma sana, hawakuweza kusikizana. Basi kamba ilitoka kwenye jukwaa mpaka kwenye mkono wa Joachim, ikafungwa juu ya kiwiko. Ikivutwa mara moja, simama. Mara mbili, twende. Ikivutwa taratibu, kwa muda mrefu, nenda polepole. Miaka mingi walizungumza hivyo, na Joachim alizoea kumjua mwenzake kwa mkono wake: Michée hakuvuta kamba kwa ghafula hata siku moja.

Michée alizaliwa Likasi, lakini baba yake aliletwa kutoka jimbo la Kasai kuchimba shaba. Zamani jambo hilo lilikuwa la kutaniana tu. Ulipofika mwaka 1992, mishahara ikiwa imekatika na maghala yameporwa, likawa jambo la kufa na kupona. Vijana waliweka vizuizi njiani. Watu wa asili ya Kasai walitolewa nyumbani mwao, wakaenda kulala kwenye gare, kituo cha reli, wakingoja treni ya kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Angèle, mke wa Michée, alifika gare pamoja na watoto katika gari la masista. Michée hakuwapo. Alikuwa amekwenda Kakanda kutafuta lori la kubebea vitu vyao, na aliporudi alikuta mtu mwingine akipika mbele ya mlango wake. Alipita nyuma ya nyumba mpaka kwenye lupango, ua wa nyumba ya Joachim, mahali ambapo niveleuse ilihifadhiwa tangu karakana ilipoporwa, akajilaza chini ya mashine, na Joachim akamfunika turubai.

Kisha habari ikaja: treni iko tayari, inaondoka leo. Pamoja nayo likaja neno la Angèle. Bila mume wake hapandi, wala watoto hawapandi. Na kule gare watoto walikuwa wameanza kuzikwa.

Njia ya kwenda huko ilikuwa na kizuizi kimoja kisichokwepeka. Lakini Joachim alikuwa na sababu ya kupita. Padre alikuwa amemwomba asawazishe mlango wa uwanja wa gare, kwa kuwa magari yaliyoleta unga yalikuwa yakizama katika mashimo.

"Utasimama nyuma kama kila siku," Joachim alimwambia Michée. "Utafunga kitambaa mu uso, sababu ya vumbi. Nani anaangalia muntu ya niveleuse?"

Henriette alikuwa mlangoni, ungo mkononi.

"Baba Laure, mukienda babili na weye unarudia peke yako, batakuuliza nini?"

"Nitasema alibakia ku kazi."

"Na kisu? Nani atashika kisu?"

Joachim aliitazama mashine. Vifungio vya yale magurudumu mawili vilikuwa vimevunjika tangu mwaka uliotangulia, na vipuri havikuja tena. Bila mikono ya mtu, kisu kiliteremka chenyewe na kuichimba barabara kama jembe. Kurudi na jukwaa tupu ni kuchora mstari kutoka gare mpaka mlangoni pake.

"Minye nitatangulia na miguu," Henriette akasema, akielekeza ungo kwenye sufuria ya ugali, "na kitunga ya bukari ya batoto. Bamama banapita. Kisha nitarudia ku nafasi ya Yaya Michée."

"Weye!" Michée alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje. "Mama Laure, ile kintu inavunja hata banaume."

"Yaya Michée, nilizala batoto batano na ninatwanga mahindi kila siku. Nionyeshe tu mikono inakaa wapi."

Akamwonyesha. Usishindane na gurudumu, alimwambia, liegemee kwa nyonga. Tazama kisu, usitazame watu. Na dole gumba lisiingie kamwe katikati ya vyuma vya gurudumu. Kisu kikigonga jiwe, gurudumu hujirudi lenyewe, na likikuta dole gumba ndani litavunja mkono mpaka kifundoni. "Gumba inje," alirudia. "Hata ukisahau jina yako, gumba inje."

Henriette akatangulia. Trekta ikafuata.

Kizuizi, barrière kama vijana walivyokiita, kilikuwa gogo lililolazwa juu ya mapipa mawili. Vijana walikuwa kivulini na chupa yao ya lutuku, pombe kali ya kienyeji, mapanga yameegemezwa ukutani. Aliyekuwa mkubwa wao alikuwa Hénoc, mtoto wa jirani yao Mama Carmen. Joachim alimtambua kutoka mbali. Katika utoto wake Hénoc alikuwa mdandiaji mashuhuri wa niveleuse, na ni Michée aliyekuwa akimfukuza kwa mabonge ya udongo.

"Papa Joachim! Bengine banakimbia, weye unapiga njia pasi?"

"Padre ananiita ku gare. Magari ya unga inazama."

"Unga ya kukulisha bilulu?" mwingine akadakia, na wenzake wakacheka. Bilulu ni wadudu. Siku zile watu wa asili ya Kasai waliitwa hivyo.

"Unga ni unga," Joachim alisema. "Minye ninatengeneza njia."

Hénoc alitazama nyuma, kwa yule mtu aliyejifunga kitambaa cheupe kwa vumbi mpaka chini ya macho.

"Na ule haana mudomo? Ashuke atusalimie."

"Akishuka, kisu inaanguka. Vifungio vilivunjika, anaishika na mikono. Enda uangalie."

Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli Joachim aliisema bila kutetemeka. Lakini alijuta papo hapo, maana Hénoc alikwenda kweli. Alizunguka mashine, akainama, akagusa chuma kilichovunjika.

"Sawa," akapaza sauti. "Basi mutengeneze hapa kwetu kwanza. Mashimo iko mingi. Minye napanda nyuma, nione kazi inafanywa muzuri."

Akaruka juu ya jukwaa, kama zamani.

Gogo liliondolewa. Joachim aliingiza gia. Hakuweza kugeuka, dereva anayegeuka kila mara anatoa siri yake. Alitazama mbele na kusikiliza kwa kiwiko. Kamba ilikuwa imelegea. Trekta ilitambaa, kisu kikalia juu ya kokoto, vijana wakatembea kandokando wakipiga miluzi. Kamba haikusema kitu. Kwa kawaida Michée angekwisha kuivuta taratibu, maana pale palikuwa na jiwe kubwa. Joachim alilijua jiwe hilo; alilipita miaka yote.

Chuma kikagonga. Mashine nzima ikaruka, na nyuma mtu akapiga kelele. Haikuwa sauti ya Michée.

Joachim alikanyaga klachi nusu. Kamba ikivutwa mara moja, aruke na kukimbia? Akimbilie wapi? Henriette alikuwa kule mbele, na Laure na wadogo zake walikuwa nyumbani.

Kamba ikavutwa. Mara moja, kwa nguvu, karibu imwangushe kitini. Kisha mara ya pili.

Twende. Lakini mkono ule haukuwa wa Michée. Ulikuwa mkono wa mtu ambaye hajawahi kushika kamba hiyo. Joachim aliona picha ya jukwaa bila rafiki yake, na yeye akivuta trekta mbele kama mjinga. Hata hivyo, kamba ilikuwa imesema. Akatii. Akaongeza mafuta, vijana wakabaki nyuma, miluzi ikafifia, na barabara ikapinda kwenye ukuta wa ghala.

Hapo akasimama, akageuka.

Michée alikuwa mahali pake. Ameyakumbatia magurudumu yote mawili kwa mikono na kifua, kitambaa kimemshuka mpaka shingoni, jasho likichora mistari usoni. Pembeni yake alikuwa Hénoc. Mkono wake wa kulia aliubana kwapani. Wa kushoto ulikuwa bado umeshika kamba.

Baadaye Michée alieleza kwa maneno machache. Kijana alitaka kujaribu gurudumu, akaingiza dole gumba ndani. Jiwe lilipokuja, Michée alilidaka gurudumu kwa kifua kabla halijamaliza mzunguko, kitambaa kikaanguka, na wakatazamana. Hakuwa na mkono wa ziada. "Vuta kamba mara mbili," alimwambia. "Minye siwezi kuachilia."

Hénoc alishuka. Hakumtazama Michée. Alimwendea Joachim, akasema kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyekutwa na jambo:

"Papa, barrière inahesabu bichwa. Ukirudia, nione bichwa bibili."

Akaenda zake, mkono kwapani.

Gare ilikuwa imejaa magodoro, sufuria na watu waliokaa juu ya maisha yao yote. Angèle alimwona mume wake kutoka mbali na hakukimbia. Alikaa chini palepale, akawakumbatia watoto. Henriette alikuwa karibu naye, kitunga kitupu. Nyuma ya behewa Michée alivua koti, viatu na kitambaa, akampa Henriette. Viatu vilikuwa vikubwa. Angèle akavijaza matambara aliyoyachana katika kitenge chake.

"Sasa minye niko na muguu moja ku Kasai na ingine hapa," Michée alisema, akivitazama vile viatu.

"Tutavichunga," Joachim alijibu. Michée akapanda behewa pamoja na Angèle na watoto.

Joachim na Henriette waliusawazisha mlango wa uwanja, kwa sababu ndiyo kazi waliyoitiwa. Mara ya kwanza Henriette alichimba mtaro. Mara ya pili akaacha tuta. Mara ya tatu changarawe ilikwenda katikati, na gari la unga likapita. Treni ilipopiga honi hakugeuka kutazama; aliambiwa atazame kisu. Mabehewa yalipita karibu yake moja baada ya jingine, naye akabaki ameinama, akihesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe.

Kurudi kulikuwa kugumu zaidi, maana sasa aliye nyuma ya Joachim alikuwa mke wake. Mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yamekaa juu ya mji. Kwenye kizuizi vijana walikuwa wamelewa zaidi. Mmoja alisimama mbele ya trekta na panga, akanyoosha shingo.

"Ule muntu yako ya nyuma, mbona amekuwa mufupi?"

Joachim alisikiliza kwa kiwiko. Kamba ilikuwa imekazika, haivutwi wala hailegei.

Aliyejibu ni Hénoc, akiwa amekaa juu ya pipa, mkono wake umefungwa kitambaa.

"Njaa ya Likasi," alisema. "Asubuyi ulikuwa mukubwa, mangaribi uko mufupi. Hata weye, jiangalie! Mama yako akikuona sasa atasema ni mutoto ya jirani."

Kicheko kilipasuka. Yule wa panga alitukana, akacheka mwenyewe, akasogea. Hénoc aliinua gogo kwa mkono mmoja. Alitazama vile viatu vikubwa vilipopita, kisha akatazama chini.

Kamba ikavutwa mara mbili, polepole, bila ghafula.

Matone ya kwanza yalianguka walipoingia kwenye lupango. Laure alitoka mbio kumwita mama yake, akasimama kwa kuliona lile koti la Michée. Joachim alizima injini na kwenda nyuma.

"Mama Laure, tumefika. Shuka."

"Siwezi," Henriette akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ila mikono yake haikumsikia tena. Ilikuwa imekaza juu ya chuma, kana kwamba kizuizi bado kiko mbele yao.

Joachim alipanda jukwaani. Mvua ikiwalowesha, alianza kuvifungua vidole vyake, kimoja kimoja, akivipuliza kama mtu anayewasha moto. Madole gumba hakuhitaji kuyafungua. Yote mawili yalikuwa nje.