Weupe wa Kanzu ya Mjomba

Mwanaisha, fundi simu wa sokoni Nanyamba, aliunda kamera yake kwa simu kuukuu, kisanduku cha bati na kipande cha plastiki chenye mistari myembamba isiyoonekana kwa macho. Ukipiga picha moja, jani linakaa katikati. Pembeni linajirudia, limevutika kama upinde wa mvua. Kompyuta yake husoma mivutiko ile na kujua kila nukta ya jani imerudisha mwanga wa rangi gani. Picha moja, basi, maana majani ya mkorosho hayatulii upepo ukipita.

Alitaka kuuona ugonjwa wa ubwiriunga kabla haujatanda mweupe kwenye maua. Mjomba wake, Athumani, alimwachia mikorosho kumi bila dawa ya salfa hadi Ijumaa.

"Maua yakiungua, mpwa wangu, kamera hiyo utaila."

"Nitaila na chumvi, mjomba."

Kamera ilihitaji kitu cheupe cha kulinganishia. Mjomba akatoa kanzu yake ya Ijumaa. Jumanne, miti yote kumi ikasomeka migonjwa. Jumatano vilevile. Mjomba akaanza kulitafuta bomba lake la salfa.

Mwanaisha akaketi uani, akazirudia picha moja moja. Katika mojawapo, nyuma ya mti, unga wa muhogo ulikuwa umeanikwa mkekani. Kompyuta ilisema ni wa manjano. Unga ule aliutwanga mwenyewe, mweupe pe.

"Mama Asia," alimwuliza mke wa mjomba, "kanzu hii mnaitia nini mkiifua?"

"Bluu ya kufulia, vijiko viwili! Mume wangu asing'ae, nichekwe mimi?"

Mwanaisha alicheka hadi machozi. Kanzu ilikuwa na ubuluu ndani ya weupe wake. Kamera iliuamini, ikayaona majani yote yamepungukiwa na buluu, ya manjano kama yanayoanza kuugua.

Alhamisi alishindilia unga kwenye sahani badala ya kanzu, akapiga upya. Miti miwili tu ikasomeka migonjwa.

"Mbona naiona mizima?" alisema mjomba.

"Pulizia hiyo miwili. Tawi moja kila mti nitalifunika kwa gunia, salfa isilifikie, tuone kama litaugua."

Ijumaa alfajiri, umande ungali majanini, mjomba akapuliza, na Mwanaisha akayafunua matawi yake. Siku ya sita baada ya kupuliza, matawi yale mawili yalikuwa meupe. Miti minane iliyobaki haikuwa na doa.

Mjomba akayakata matawi, akaichukua sahani ya unga mwenyewe.

"Twende mstari wa pili," alisema. "Na kanzu yangu muiache ipumzike."